Mulango mu avenue Lumumba: kuta zinabaki, wapangaji wanapita

Mutu wa Kamituga akifika Bukavu na makuta mu mufuko, kwanza anatafuta mahali pa kulala. Kesho yake anapanda mpaka katikati ya muji, mu komini ya Ibanda, na anatembea polepole ku avenue Patrice-Emery Lumumba. Anaangalia milango. Hapa wanauzisha telefoni, pale viatu, kule dawa, mbele kidogo wanatuma pesa. Moyoni anasema: siku moja na mimi nitakuwa na mulango wangu hapa, bibi yangu atakaa nyuma ya meza, watoto watasoma, na mimi nitaacha shimo.

Familia nyingi za wachimbaji zinajua ile ndoto. Kutoka Kamituga mpaka Bukavu ni kilomita karibu 180, na wakati wa mvua lori inaweza kulala mu matope siku mbili, tatu. Mutu mwenye alivumilia shimo, kisha akavumilia ile barabara, akipata ufunguo wa duka katikati ya muji anajisikia kama amefika.

Lakini ile milango iko na historia. Nyumba za zamani za ile avenue zimebadilisha kazi mara nyingi, na kila mara kuko mutu mwenye aliingia, na kuko mwingine mwenye alitoka mikono mitupu. Tukiangalia nani alitoka, na juu ya nini, tutaona kitu chenye kinatugusa hata leo.

Chini duka, juu makao

Nyumba zenye tunasema ni zile za wakati wa Wabeleji, zenye zilijengwa zaidi mu miaka ya 1930 mpaka 1950. Ni rahisi kuzitambua: kona zake zimezungushwa, mistari mirefu ya simenti inapita mbele ya ukuta, na juu ya mulango kuko kipande cha beto chenye kinakinga mvua. Ile namna ya kujenga inaitwa Art déco, na wageni wa mbali wanakuja Bukavu kuipiga picha. Hôtel Résidence, yenye kila mutu wa muji anajua, iko ku avenue hiyohiyo na ni ya wakati wa Wabeleji.

Muji uliitwa wakati ule Costermansville, jina la Paul Costermans, mukubwa mumoja wa utawala wa Wabeleji. Jina hiyo iliwekwa mwaka wa 1927, na mu miaka ya 1950 jina Bukavu ikarudi. Avenue Lumumba yenyewe iliitwa avenue Royale. Mupango wa nyumba ulikuwa mwepesi: chini duka, nyuma depo, juu makao ya mwenye duka na familia yake. Wafanya biashara walikuwa Wabeleji, Wagiriki, Wahindi. Wateja wao walikuwa wazungu wa mashamba ya kahawa, chai na kinkina, na wazungu wa sosiete za madini, sawa MGL, yaani Minière des Grands Lacs, yenye ilikuwa inachimba zahabu ya Kamituga.

Na babu zetu wenye walikuwa wanashika pao na piki? Muji ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Mutu mweusi alikuwa na makao Kadutu, na baadaye Bagira. Mu avenue Royale alifika kwa kazi: kubeba mizigo, kufagia, kupima kitambaa mu duka ya mwingine. Zahabu ilipita mikononi mwake, lakini mulango haukukuwa wake.

Miaka ya kukimbia, miaka ya kupewa

Kisha uhuru wa 1960, wazungu wengine walibaki na duka zao. Vita njo iliwaondoa. Mwezi wa 8 wa 1967, Jean Schramme na askari wake wa kukodishwa waliingia Bukavu, wakashika muji mpaka mwanzo wa mwezi wa 11. Walipovuka kuenda Rwanda, waliacha muji wenye kuharibika na maduka yenye kuporwa. Wafanya biashara wengi wa inchi za kigeni hawakurudi tena.

Wale wenye walibaki walipata pigo ingine tarehe 30 mwezi wa 11 wa 1973. Siku ile Raisi Mobutu alitangaza kama biashara na mashamba ya wageni yatapita mu mikono ya Wazayire. Njo ile tunaita zayirianizasio. Mutu alipewa duka na stoki yote ndani, mara nyingi juu alikuwa na jina kubwa ao alijuana na wakubwa. Wengi hawakujua biashara. Waliuzisha kila kitu chenye walikuta, hawakuleta ingine, na rafu zikabaki mitupu. Mu mwaka wa 1976 Leta ilikubali kurudishia wenyewe wa zamani mali yao. Wengine walikuja, wengine walikuwa wamekwisha kujipanga fasi ingine.

Mwaka ule wa 1973 ulileta kitu kingine chenye watu wengi wanasahau. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 ilisema kama udongo wote wa inchi ni wa Leta. Mutu anaweza kuwa na haki juu ya kiwanja, lakini haki hiyo inaonyeshwa na karatasi moja kubwa: certificat d'enregistrement. Ufunguo hautoshi. Kukaa miaka 20 hakutoshi. Ushahidi wa jirani hautoshi. Wakati nyumba zilikuwa zinapewa, zinarudishwa, zinauzishwa tena, mutu mwenye alitunza makaratasi yake sawasawa njo alikuwa na nguvu mbele ya wengine.

Mizani inaingia mu duka

Mpaka hapo mutu wa shimo alikuwa bado inje. Tarehe 5 mwezi wa 11 wa 1982, sheria ilimufungulia njia: raia akaruhusiwa kuchimba na kuuzisha zahabu mwenyewe, bila kuwa mutumishi wa sosiete. Mbele ya pale, ukikamatwa na zahabu uliitwa mwizi.

Sosiete yenyewe ilikuwa inaanza kulegea. SOMINKI, yenye ilizaliwa mu 1976 wakati MGL na sosiete zingine za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa, ilikuwa inategemea sana kasiterite. Mwezi wa 10 wa 1985, bei ya etaini ilianguka mu soko ya dunia nzima. Watu wakatolewa ku kazi, mishahara ikachelewa, na wafanyakazi wa zamani wakashika njia ya mashimo yao wenyewe. Mu miaka ya 1990 SOMINKI ilikufa kabisa. Mu Kamituga wengi waliendelea kuchimba palepale, bila mushahara na bila hospitali ya kampuni, lakini zahabu ilikuwa yao.

Bukavu ikabadilika pamoja nao. Komptwari za kununua zahabu zilifunguliwa. Mu muji wa biashara ya madini, mulango wa chuma unaongezwa nyuma ya mulango wa mbao, na meza ya kupimia vitambaa inakuwa meza ya mizani. Negosia analeta mali kutoka Kamituga, Mukungwe, Lugushwa ao Misisi, anauzisha, kisha anatembea hatua kidogo na kununua bidhaa za kupeleka kule: viatu vya buti, tochi, chumvi, vitenge, dawa. Makuta ya shimo yalikuwa yanaingia kwa mulango moja na kutoka kwa mulango wa pili, bila kuacha avenue.

Watu wa muji walielewa pale kama duka na shimo ni ndugu. Iliwahakikishwa tena mwezi wa 9 wa 2010, wakati serikali ilisimamisha kuchimba kwa mikono mu Kivu zote mbili na Maniema. Ilidumu mpaka mwezi wa 3 wa 2011. Mashimo yakifungwa, mutu wa Mwenga hashuki kununua, na mwenye duka wa Bukavu anakunja mikono.

Kuta za mbao mu nyumba ya simenti

Vita za 1996 na 1998 zilileta kazi ingine mu nyumba za zamani. Tangu wakimbizi wa Rwanda walifika mu 1994, mashirika ya musaada yalikuwa yanatafuta biro na depo, na yalikuwa yanalipa kwa dola. Makao ya juu yakawa biro. Mwisho wa mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda sana, na ikashuka tena mu 2001. Watu walikuja na makuta mingi kwa miezi kidogo, kisha wakapotea. Nyuma yao telefoni za mukononi zikafika, na duka zenye kuuzisha kadi na telefoni zikaenea haraka kuliko zote.

Loye ikapanda. Mutu mumoja akashindwa kulipa magazini kubwa peke yake. Njo wakaanza kukata. Magazini moja ya Mugiriki wa zamani, yenye ilikuwa na mulango moja na vitrini mbili, unaikuta leo imegawanywa na mbao: butike tano, sita, kila moja na upana wa mukeka. Mu ngazi kuko mushonaji. Chini ya ngazi kuko mutengenezaji wa telefoni. Mu kibaraza kuko mama wa mikate.

Ile njo namna watoto wa wachimbaji waliingia ku avenue. Ni maendeleo, tusidharau. Lakini angalia namna gani waliingia. Mara nyingi mutu mumoja njo ana kontra na mwenye nyumba. Huyo mumoja anakata vipande na kupangisha wengine, kwa mudomo tu. Wale wengine wanalipa kila mwezi, wanalipa hata pesa ya kuingilia, lakini mwenye nyumba hajui majina yao.

Na nyumba zenyewe zimechoka. Tarehe 3 mwezi wa 2 wa 2008 tetemeko la inchi lenye nguvu ya karibu 6 lilitikisa Bukavu, na kuta nyingi zilipasuka. Zingine zilipakwa rangi tu juu ya ufa. Viwanja vya katikati vikiwa na bei kubwa, wenyewe wengine wanaona heri kuvunja na kupandisha etaji ine, tano. Siku ya kuvunja, mutu wa butike ya mbao anaambiwa: toa vitu vyako.

Mulango wa yaya yangu

Naandika hii juu ilifika kwetu. Yaya yangu alichimba Kamituga miaka 11. Mu 2013 shimo lao lilitoa vizuri, na yeye hakunywa ile makuta. Alikuja Bukavu, akapata butike mu nyumba moja ya zamani ya katikati. Alilipa garanti, akalipa pesa ya kuingilia, akapigilia rafu za mbao nzuri. Bibi yake alikaa pale kuuzisha vitenge. Yaya alikuwa anarudi Kamituga kila mara juu ya kuongeza stoki. Resi za loye alikuwa anaziweka mu kopo ya maziwa.

Mu 2018 shimo lilimuangukia. Tulimuzika, tukakaa matanga, shemeji akavaa nguo za kilio. Miezi ile aliendelea kulipa loye sawa kawaida, na mutoto wa mwenye nyumba alikuwa anapokea. Mwezi wa 5 akakataa kupokea. Alisema kontra ilikuwa ya marehemu, na marehemu hayuko. Mupangaji mupya alikuwa amekwisha kulipa zaidi.

Tulienda kwa avoka. Aliuliza kitu kimoja: kisha kifo, muliandikia mwenye nyumba barua? Hapana. Hakuna mutu mwenye alituambia. Resi za ile miezi zilikuwa na jina la yaya, juu mutoto wa mwenye nyumba aliendelea kuandika jina hiyo. Avoka alifunga buku yake polepole. Alisema tunaweza kujaribu, lakini itakuwa nguvu. Hatukukuwa na makuta ya kujaribu. Shemeji alitoa rafu siku ya pili, tukazibeba ku kichwa mpaka Nyamugo.

Sheria inasema nini

Ile siku njo nilianza kusoma. Kongo iko mu OHADA tangu tarehe 12 mwezi wa 9 wa 2012. Hiyo ni mapatano ya inchi nyingi za Afrika juu ya sheria za biashara. Ndani yake kuko sura nzima juu ya nyumba zenye kupangishwa kwa biashara. Nitaisema kwa maneno ya kwetu.

Kontra inaweza kuwa ya kuandikwa ao ya mudomo. Zote mbili zinahesabiwa. Tofauti ni kuhakikisha. Bila karatasi, utahakikisha na nini?

Mupangaji akikufa, kontra haifi pamoja naye. Kifungu cha 111 kinasema bibi ao bwana wake, wazazi wake ao watoto wake wanaweza kuendelea. Lakini wanapashwa kumuomba mwenye nyumba, kwa huissier ao kwa njia ingine yenye kuonyesha wazi kama amepokea, mbele miezi 3 haijapita tangu kifo. Miezi 3 ikipita bila barua, kontra imevunjika yenyewe. Familia yetu ilipoteza mulango juu ya barua moja.

Nyumba ikiuzishwa, mupangaji hafukuzwi juu ya ile. Mununuzi anaingia mu fasi ya mwenye nyumba wa zamani na kontra inaendelea. Njo kifungu cha 110.

Kama kontra iko na tarehe ya mwisho, na umefanya biashara pale kwa angalau miaka 2, uko na haki ya kuomba iendelee. Omba kwa barua, angalau miezi 3 mbele ya ile tarehe. Mwenye kusahau anapoteza haki.

Mwenye nyumba akikataa kuendelea, kwa kawaida anapashwa kulipa mupangaji fidia. Haimulazimu akiwa na sababu nzito juu ya makosa ya mupangaji, ao akitaka kuvunja na kujenga upya. Lakini hata akivunja, anapashwa kuonyesha kazi gani atafanya, mupangaji anabaki mpaka mwanzo wa kazi, na nyumba mupya ikiwa na fasi ya biashara, mupangaji wa zamani anahesabiwa wa kwanza.

Kama mupangaji amechelewesha loye, hawezi kutupwa inje siku ileile. Kwanza barua ya onyo, kisha angalau mwezi mumoja wa kujitengeneza, kisha tribinali.

Ukuta mukubwa wenye kupasuka na paa yenye kuvuja ni juu ya mwenye nyumba, haiko juu ya mupangaji.

Sasa neno kali kwa watu wa butike za mbao. Kupangisha wengine bila ruhusa ya mwenye nyumba kunakatazwa. Kwa hiyo kama ulipewa kipande chako na mupangaji mukubwa tu, siku ya fujo hauna nguvu mbele ya mwenye nyumba. Utabaki kudai yule mwenye alikula pesa yako.

Mbele ya kupokea ufunguo

Tunajua kama sheria na maisha ya Bukavu hazitembei kila siku pamoja. Avoka ni bei, tribinali inachelewa, na mwenye nguvu anapita mbele. Lakini mwenye kuwa na karatasi anaongea na mwenye nguvu namna ingine. Historia ya ile avenue inaonyesha: mu 1967, mu 1973, mu 1976, mpaka leo, mwenye aliingia kwa neno tu alitoka kwa neno tu.

Basi wewe mwenye unashuka kutoka kariyeri na makuta ya jasho, uliza maneno haya mbele ya kulipa. Nani ana certificat d'enregistrement ya hii nyumba, na jina lenye kuandikwa pale ni la nani? Unaweza kuomba ukweli ku biro ya conservation des titres immobiliers. Mwenye anakupa ufunguo ni mwenye nyumba, ao ni mupangaji? Kama ni mupangaji, ruhusa ya mwenye nyumba iko wapi, kwa maandishi? Kontra iko na tarehe ya mwanzo na ya mwisho? Garanti na pesa ya kuingilia zimeandikwa mu resi, kila moja peke yake?

Na neno la mwisho ni la nyumbani. Wachimbaji wengi wanaficha makaratasi, bibi hajui yako wapi, watoto hawajui kiasi gani kililipwa. Shimo halitoi taarifa. Andika jina la bibi yako mu kontra pamoja na lako. Mwonyeshe kopo, mwonyeshe tarehe, mwambie hesabu ya miezi 3.

Shemeji yangu leo anauzisha soko ya Nyawera, chini ya mwavuli. Anapanga meza, haiko mulango. Lakini siku alipokubaliana na mwenye meza, alileta mutoto wake wa sekondari amusomee karatasi yote kwa sauti, mara mbili, mbele ya watu. Kisha alisinya yeye mwenyewe, na alirudi nyumbani na kopi yake.